Shamba la Nabothi na Mikoko ya Rufiji: Haki, Usawa na Wajibu wa Kanisa

1. Utangulizi

Neno "haki" katika lugha yetu ya Kiswahili hubeba maana mbili ambazo lugha nyingine huzitenga. Kwanza, haki ni kile mtu anachostahili kupewa au kuachiwa: haki ya kuishi, haki ya kusikilizwa, haki ya kumiliki. Pili, haki ni ule unyofu unaotakiwa katika hukumu na katika utawala, kama tusemapo kwamba mzee fulani alitenda haki alipowapatanisha ndugu wawili. Maana hizi mbili hazipaswi kuachana. Palipo na orodha ndefu ya haki katika vitabu vya sheria, lakini hapana watu wenye nia wala uwezo wa kutenda haki, orodha ile hubaki wino mtupu.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi haki za binadamu zinavyohusiana na tofauti za hali na nguvu baina ya watu katika jamii ya leo. Ili tusizungumze hewani, tutachukua mfano mmoja wa nchini kwetu, yaani mradi wa ufugaji wa kamba uliokusudiwa kujengwa katika delta ya Rufiji katika miaka ya 1990. Kisha tutaangalia sheria zetu zinasema nini, tutapima hoja hizo kwa Maandiko na kwa mafundisho ya Kilutheri, na mwisho tutaeleza linalowapasa wachungaji na washarika.

Huenda msomaji akauliza: Jambo la mwaka 1997 lina faida gani kwetu leo? Faida yake ni kwamba limekwisha, na kwa hiyo twaweza kulitazama lote, mwanzo hata mwisho. Nguvu zilizofanya kazi katika jambo lile, hata hivyo, hazijakwisha.

2. Delta na watu wake

Mto Rufiji unapokaribia Bahari ya Hindi hugawanyika katika matawi mengi, mkabala na Kisiwa cha Mafia. Hapo pana msitu mkubwa wa mikoko, wenye ukubwa wa hekta zipatazo 53,000, ambao ndio mkubwa kuliko yote katika mwambao wa Afrika Mashariki. Zamani eneo lote lilikuwa chini ya Wilaya ya Rufiji. Leo sehemu kubwa ya delta imo katika Wilaya ya Kibiti. Watu wake huvua samaki na kamba, hulima mpunga, hukata boriti, na husafiri kwa mitumbwi na ngalawa wakifuata maji kupwa na kujaa. Juu zaidi, katika bonde, wakulima wamezoea tangu zamani kulima mlau, yaani kilimo kifuatacho mafuriko, wakati maji yanapoondoka na kuacha udongo wenye rutuba.

Historia ya watu hawa ni historia ya kuamuliwa. Wajerumani waliwalazimisha wenyeji wa kusini kulima pamba, na vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 katika nchi ya Wamatumbi vilikuwa jibu la ulazimishaji huo. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro, katika Rufiji hii hii, mwezi wa Agosti mwaka ule. Utawala huo huo wa Wajerumani ndio uliotangaza mikoko kuwa msitu wa hifadhi ya serikali. Baada ya Uhuru, mafuriko ya mwaka 1968 yalifuatiwa na Operesheni Rufiji, ambamo wakazi wengi wa bonde walihamishwa na kupelekwa kwenye vijiji vipya nyanda za juu, mbali na mashamba yao ya mlau. Nia ya operesheni ile ilielezwa kuwa njema: shule, zahanati, maji na usalama. Lakini mtu aliyeamua juu ya maisha ya mkulima hakuwa mkulima mwenyewe.

Twataja mambo haya kwa sababu moja. Watu wa delta walipoletewa habari za mradi wa kamba, hawakuwa wakiliona jambo geni. Walikuwa na kumbukumbu.

3. Mradi wa kamba

Katika miaka ya 1990 kampuni iitwayo African Fishing Company iliomba eneo la hekta zipatazo 10,000 katika delta kwa ajili ya kuchimba mabwawa ya kufugia kamba wa kuuzwa nchi za nje. Gharama ya mradi ilitajwa kuwa dola za Marekani milioni 192. Ilielezwa kwamba nchi ingepata fedha za kigeni na wananchi wangepata ajira. Hizi hazikuwa hoja za kupuuzwa. Nchi yetu wakati ule ilikuwa imelemewa na madeni, ilikuwa ikibinafsisha mashirika ya umma, na ilihitaji wawekezaji.

Hata hivyo, mambo mawili yalikuwa dhahiri. La kwanza ni kwamba mikoko ndiyo nyumba ya kamba. Kamba wachanga hukulia katikati ya mizizi yake kabla ya kutoka baharini, na sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa katika maji ya Tanzania hutegemea delta hii. Kukata mikoko ili kufuga kamba ni sawa na kubomoa ghala ili kupata mbao za kutengenezea kapu. Nchi nyingine zilikuwa zimekwisha kuonja matokeo ya mabwawa ya namna hii: maji ya visima kuingiwa na chumvi, magonjwa ya kamba, na mabwawa kuachwa matupu baada ya miaka michache. Mwezi wa Desemba mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imeamuru mabwawa ya kamba katika ukanda wa pwani uliolindwa kisheria yabomolewe. Jambo la pili ni kwamba maelfu ya watu walikuwa wakiishi na kufanya kazi katika eneo lililoombwa.

Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilishauri kwamba mradi usikubaliwe. Lakini Baraza hilo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983, lilikuwa na kazi ya kushauri tu. Mwishoni mwa mwaka 1997 Serikali iliukubali mradi kwa masharti. Ndipo wakazi wa delta walipopinga. Walituma wajumbe wao Dar es Salaam, wakapata msaada wa Chama cha Waandishi wa Habari za Mazingira, JET, na wa wanasheria wa mazingira wa LEAT, na kwa msaada huo wakazi wengi wakaenda Mahakama Kuu. Mradi haukutekelezwa. Kampuni haikufanikiwa kuendelea na mpango wake, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 jambo lote lilikuwa limekufa.

Hivyo mikoko ilisalimika. Hata hivyo isidhaniwe kwamba haki ilishinda kwa sababu mradi ulishindwa. Kushindwa kwa mwekezaji si hukumu. Swali lililoulizwa na watu wa delta, yaani nani mwenye haki ya kuamua juu ya mahali wanapoishi, linastahili jibu hata pale mwekezaji anapokuwa na fedha tele.

4. Kutokuwa sawa ni nini?

Mara nyingi tunaposema juu ya kutokuwa sawa kwa watu, tunafikiri juu ya mapato: huyu anayo magari matatu, yule hana baiskeli. Mfano wa Rufiji watufundisha kuona mbali zaidi. Tuangalie mambo manne.

Kwanza ni maarifa. Michoro, mikataba na taarifa za wataalamu huandikwa kwa Kiingereza na kuhifadhiwa ofisini. Mvuvi wa Salale au wa Jaja anaijua mikondo ya maji na majira ya kamba kuliko mtaalamu ye yote, lakini ujuzi wake hauna muhuri. Katika meza ya maamuzi, karatasi huwa na sauti kubwa kuliko mtu.

Pili ni wakati. Mwenye mtaji aweza kungoja. Akikataliwa mwaka huu, atarudi mwaka ujao na mwanasheria mwingine. Mkulima wa mpunga hawezi kungoja, kwa maana mvua haimngoji. Kila siku anayoitumia kwenda wilayani au mahakamani ni siku isiyokuwa na jembe wala wavu. Kwa hiyo hata sheria inapowatendea watu hawa wawili sawasawa, haiwagharimu sawasawa.

Tatu ni hasara. Miradi mikubwa husifiwa kwa faida zake, nasi twapaswa kuuliza pia: Ukianguka, nani ataanguka nao? Mwekezaji hupoteza fedha ambazo huenda alizikopa. Mwanakijiji hupoteza mto, shamba, makaburi ya wazazi, na jirani. Aliyepewa uwezo mdogo kabisa wa kuamua ndiye anayebebeshwa sehemu kubwa kabisa ya hatari. Naona kwamba hiki ndicho kiini cha kutokuwa sawa katika jamii ya leo.

Nne ni jina analoitwa mtu. Kwa kuwa mikoko ni hifadhi ya serikali tangu zama za Wajerumani, mtu aliyezaliwa delta na ambaye babu yake alizikwa huko aweza kuitwa mvamizi. Fidia huhesabu nyumba na minazi, kwa sababu ina mwenyewe. Mkono wa mto ambao kijiji kizima huvua ndani yake hauhesabiwi, kwa sababu katika karatasi si wa mtu. Kwa njia hiyo kitu kinacholisha wengi huonekana hakina thamani, na watu waliokitunza huonekana hawana haki.

5. Sheria zetu zinasema nini?

Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 10 Desemba 1948. Katika Katiba yetu ya mwaka 1977 sura ya haki za binadamu iliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na wananchi wakaweza kudai haki hizo mahakamani kuanzia mwaka 1988. Ibara ya 13 inasema juu ya usawa mbele ya sheria na haki ya mtu kusikilizwa kwa ukamilifu. Ibara ya 14 juu ya uhai. Ibara ya 18 juu ya kupata habari. Na Ibara ya 24 juu ya haki ya kumiliki mali, ambayo haiwezi kuchukuliwa bila idhini ya sheria yenye kuweka masharti ya fidia inayostahili. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa mwaka 1981, uliongeza jambo lililo karibu na mawazo yetu ya Kiafrika: watu kwa umoja wao wana haki juu ya utajiri wao wa asili na juu ya mazingira yanayofaa kwa maendeleo yao.

Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay. Mahakama ilisema kwamba haki ya mtu kutumia ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na Katiba, hata kama hana hati. Maana yake ni kwamba mkulima asiye na karatasi si mgeni katika shamba lake. Uamuzi huu unastahili kufundishwa katika kila chuo cha theolojia, kwa maana unaligusa shamba la wazazi wa karibu kila mwanafunzi wetu.

Tangu wakati ule sheria zimeongezeka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, imeupa mkutano mkuu wa kijiji uwezo wa kukubali au kukataa ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ihamishwe kuwa ardhi ya jumla. Ikizidi hapo, mwenye uamuzi ni Waziri, akiisha kuzingatia mapendekezo ya kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imefanya tathmini ya athari kwa mazingira kuwa lazima. Kama sheria hizi mbili zingekuwapo mwaka 1997, watu wa delta wangeanza mapambano yao wakiwa na silaha bora.

Lakini tusifiche upande wa pili. Ni uwezo mdogo sana ambao kijiji kinao pale ardhi inayotakiwa ni kubwa sana, ingawa hapo ndipo madhara huwa makubwa. Aidha, njia za kudai haki zimezidi kuwa nyembamba. Mwezi wa Novemba mwaka 2019 Serikali yetu iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu watu binafsi na mashirika yasiyo ya kiserikali kupeleka mashauri moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha. Mwaka 2020 Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Msingi na Wajibu ilirekebishwa, ikamtaka mlalamikaji aonyeshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Matokeo yake yalikuwa kwamba ikawa vigumu kwa mtu mwenye elimu na nafasi kumtetea jirani asiye navyo. Sheria inayomtaka kila mnyonge ajitetee mwenyewe imemsahau kuwa ni mnyonge.

6. Nuru ya Neno la Mungu

Katika 1 Wafalme 21 tunasoma habari za Nabothi Myezreeli. Mfalme Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu, na tukumbuke kwamba mfalme hakuanza kwa ukatili. Alitoa ahadi ya shamba bora zaidi, au fedha. Kwa maneno ya leo, alitoa fidia. Nabothi alikataa, kwa sababu kwake shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, na urithi hauna bei ya soko. Ndipo Yezebeli alipotumia barua, muhuri wa mfalme, wazee wa mji, mashahidi wawili na hukumu. Kila hatua ilikuwa na sura ya sheria. Dhuluma ile haikufanyika kwa kuvunja utaratibu, bali kwa kuutumia utaratibu.

Martin Luther aliijua vizuri dhambi ya namna hii. Washarika wetu waliojifunza Katekisimo Ndogo wakumbuke maelezo ya Amri ya Tisa: hayakatazi wizi wa usiku, bali kuupata urithi au nyumba ya jirani kwa hila inayovaa vazi la haki. Katika Katekisimo Kubwa, alipoieleza Amri ya Saba, Luther alilalamika kwamba wezi wadogo huadhibiwa vikali, huku wakubwa, walioketi katika viti vya heshima, wakiheshimiwa kama mabwana. Basi mafundisho juu ya haki katika mali si jambo jipya lililoletwa na wanaharakati. Yamo katika kitabu anachofundishwa kijana wa kipaimara.

Hapa huletwa pingamizi mbili. Ya kwanza hutoka kwa wapenda maendeleo: Je, si haki wachache waumie kidogo ili taifa zima lipate? Neno hili tumelisikia kabla. Kuhani Mkuu Kayafa alilisema alipoona faida mtu mmoja afe kwa ajili ya watu (Yohana 11:50). Mwinjili aliona humo unabii ambao Kayafa mwenyewe hakuujua. Lakini kama shauri la utawala, lilikuwa shauri la kumwua asiye na hatia. Mtu aweza kutoa shamba lake kwa ajili ya wengine, na hilo ni sadaka. Kumtolea shamba lake bila kumwuliza si sadaka, ni unyang'anyi. Sisemi kwamba kila mradi ni dhambi. Barabara, umeme na viwanda ni baraka. Nasema kwamba wema wa lengo haumwondolei mwenye nguvu wajibu wa kuuliza, kungoja jibu, na kulipa kabla ya kuchukua.

Pingamizi la pili hutoka ndani ya Kanisa lenyewe. Husemwa kwamba Luther alifundisha tawala mbili za Mungu, hivyo mchungaji abaki na Injili na mambo ya ardhi ayaache kwa Serikali. Huku ni kuyaelewa mafundisho hayo nusu. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 16, lakubali kwamba utawala halali ni kazi njema ya Mungu. Kama ni kazi ya Mungu, basi Mungu anayo haki ya kuuliza jinsi inavyofanywa. Luther mwenyewe, alipoifafanua Zaburi ya 82 mwaka 1530, alieleza kwamba mhubiri anayewakemea watawala hadharani, kwa uaminifu na kutoka katika wito wake, si mchochezi. Mchochezi ni yule asengenyaye gizani na kuchukua upanga asiopewa. Zaburi ile yenyewe yaonyesha Mungu akisimama katikati ya waamuzi na kuwadai habari za maskini na yatima.

Historia ya Walutheri wa nchi yetu haikosi mifano. Mwaka 1951 Serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa nafasi walowezi, na wengi wa waliofukuzwa walikuwa Wakristo wa Kilutheri. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kueleza shauri lao. Hawakurudishiwa ardhi kwa hukumu ya chombo kile, lakini walionyesha kwamba watu walionyang'anywa ardhi hawajanyang'anywa sauti.

7. Jirani asiye wa sharika yetu

Watu wengi wa delta na wa Kibiti ni Waislamu. Hivyo swali hili latupata kwa ukali: Je, Kanisa liseme pale wanaoumia si washarika wake? Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari za Msamaria, akaacha dini ya aliyejeruhiwa bila kuitaja (Luka 10). Kama twatetea haki ya Mkristo tu, hatutetei haki. Twatetea kundi letu. Mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu kabla ya kubatizwa, na haki zake zimesimama juu ya kuumbwa huko.

Kibiti ilitupa jaribio kubwa zaidi. Katika miaka ya 2016 na 2017 viongozi wa vijiji, viongozi wa chama na askari polisi waliuawa katika Kibiti na maeneo ya jirani. Tarehe 13 Aprili 2017 waliuawa askari wanane kwa pamoja. Mauaji hayo yalikuwa uovu usio na udhuru, na waliouawa walikuwa na haki ya kuishi, nao waliacha wajane na yatima. Katika kipindi hicho hicho kulitokea habari za watu waliochukuliwa na wasionekane tena, na mwezi wa Novemba mwaka 2017 alitoweka mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti mauaji ya Kibiti. Kwa Pasaka ya mwaka 2018 maaskofu wa KKKT walitoa waraka uitwao Taifa Letu, Amani Yetu, ambao ulizungumza waziwazi juu ya hofu na hatari zilizolikabili taifa.

Kanuni ni ile ile katika shauri la kamba na katika shauri la uhai: asihukumiwe mtu asiyesikilizwa. Mungu alijua alichokitenda Adamu, lakini alimwuliza kwanza (Mwanzo 3). Serikali inayo wajibu wa kuwakamata wauaji. Na kwa kuwa inao wajibu huo, ina wajibu pia wa kuwafikisha mbele ya hakimu na kuwaambia ndugu zao waliko. Mama anayengoja mwana asiyejulikana kama ni hai au amekufa ananyimwa hata matanga.

8. Yatupasayo kutenda

Kwanza, mchungaji na ajifunze sheria za ardhi kama ajifunzavyo taratibu za ibada. Ni aibu kujua kumzika mtu na kutojua kumweleza mjane kwamba shamba lake ni mali mbele ya Katiba.

Pili, tuwahimize washarika kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji, na kuhakikisha kwamba muhtasari unaandikwa na kusomwa. Ardhi nyingi hupotea kwa muhtasari wa mkutano ambao haukufanyika.

Tatu, tushirikiane na mashehe na walimu wa madrasa po pote tulipo. Mradi unapokuja, huja kwa kijiji kizima.

Nne, tuulize mapema. Bwawa la umeme la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji mwezi wa Desemba mwaka 2022, na lina manufaa makubwa kwa taifa. Lakini mto ulio chini ya bwawa ndio maisha ya wakulima wa mlau, wa mpunga na wa wavuvi wa delta. Mwezi wa Aprili mwaka 2024, katika mvua kubwa, mafuriko yaliharibu mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Ni haki ya watu hao kupewa habari kwa wakati juu ya maji yanayoachiwa, na kushirikishwa katika kupanga kiasi chake.

Tano, tujitazame wenyewe. Kanisa nalo lina mashamba, viwanja na wafanyakazi. Mlinzi wa usharika anayelipwa nusu mshahara, au jirani aliyesogezewa mpaka na uzio wa misheni, hatatusikia tukihubiri juu ya Ahabu.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba haki za binadamu haziwezi kusimama peke yake pasipo kujali tofauti ya nguvu baina ya watu. Usawa mbele ya sheria ni mwanzo mwema, lakini asiye na maarifa, wakati wala karatasi hawezi kuufikia mlango wa sheria bila mkono wa jirani. Mikoko ya Rufiji ingali imesimama leo kwa sababu watu wake hawakunyamaza, na kwa sababu wanasheria na waandishi wachache, wasio wa delta, walikubali kusimama pamoja nao. Kanisa halikuwa la kwanza katika safu ile. Wajibu wetu ni kwamba, siku nyingine ya namna ile itakapofika, katika kijiji cho chote na kwa watu wa dini yo yote, tukutwe tumekwisha kuwapo.